Dada Kuni na Nyumba ya Mlimani

Dada Kuni alizaliwa tarehe 9 Agosti 1950, katika chumba cha chini cha nyumba ile ile ya mlimani ambayo wengi mliokusanyika hapa mmewahi kulala. Alikuwa wa kwanza kati ya watoto watatu wa mkulima wa viazi na mkewe. Baba yake alisimulia kwamba siku hiyo ukungu ulikuwa mzito mno, hata mkunga aliyeitwa kutoka bondeni aliipita nyumba bila kuiona akaishia kwenye zizi la jirani. Aliporudi alimkuta mtoto ameshazaliwa, analia kwa sauti ya mtu aliyecheleweshwa. Baba aliipenda sana hadithi hiyo, na kadiri miaka ilivyokwenda ndivyo ukungu ulivyozidi kuwa mzito.

Nyumba hiyo ilijengwa na babu kwa mawe aliyoyachimba mwenyewe. Chini kulikuwa na jiko, chumba cha wazazi na zizi la ng'ombe, na juu ya zizi kulikuwa na dari ya mbao ambako watoto walilala. Joto la ng'ombe lilipanda kupitia nyufa za mbao, na harufu yao pia. Watoto wale walikua wakidhani kwamba kila mtu duniani hulala akisikia mnyama akicheua chini yake. Ubao mmoja ulikuwa na tundu. Mdogo wake wa kiume, ambaye leo sote tunamwita Fundi Saa, alikuwa akidondosha punje za mahindi kupitia tundu hilo zimwangukie ng'ombe mgongoni. Ng'ombe akitikisa ngozi, watoto walicheka mpaka mama yao agonge dari kwa mpini wa ufagio.

Kitanda cha mama kilikuwa cha mbao nzito na kilikuwa na kituko chake. Babu alikiunga humo humo chumbani, kikawa kipana kuliko mlango, kwa hiyo hakijawahi kutoka nje tangu kilipotengenezwa. Mtu akitaka kukihamisha, abomoe ukuta kwanza.

Mama alikuwa na sheria moja. Hakuna aliyelala chini ya paa lile aliyepata chai ya asubuhi kabla ya kufanya kazi. Alisimama penye jiko, kijiko kirefu mkononi, na kila aliyeingia aliulizwa, "Umefanya nini tangu uamke?" Binti mkubwa alipewa kazi ya kuni, na hapo ndipo jina la Dada Kuni lilipotoka. Mdogo wake alipewa kuku. Wa mwisho, Kitinda, alipewa maharagwe achambue mawe, maana hata mtoto wa miaka mitatu ana vidole. Siku moja Fundi Saa, angali mdogo, alijaribu bahati yake.

"Umefanya nini tangu uamke?"

"Nimeamka, mama. Kwani hiyo si kazi?"

"Hiyo ni kazi ya Mungu. Yako iko wapi?"

Akarudi nje kwa kuku wake, kichwa chini.

Dada Kuni alisoma shule ya msingi ya bondeni kuanzia mwaka 1958 hadi 1965. Alishuka mlima na viatu mkononi, akanawa miguu kwenye kijito karibu na shule, ndipo akavivaa, kwa hiyo walimu walidhani anaishi jirani. Mara nyingi alimshusha mdogo wake mgongoni. Mwaka 1966 alifaulu kuingia sekondari ya bweni na akafanya vizuri, hasa katika hesabu. Februari 1968 mgongo wa mama ulimshinda kabisa, akawa hawezi kuinama hata kuchukua ndoo. Dada Kuni aliitwa nyumbani, na shule ikaishia hapo. Hakuna aliyewahi kumsikia akilalamika. Sweta ya shule aliivaa kukamulia ng'ombe mpaka viwiko vikatoboka.

Mwaka 1969 aliajiriwa kuwa mpokeaji katika kituo cha maziwa kilicho chini ya mlima, na akafanya kazi hapo hadi alipostaafu mwaka 1998. Alikuwa hodari na mwenye haki, na pua yake ilifika kabla ya vipimo. Mfugaji akileta maziwa yaliyotiwa maji, hakumfokea wala kumwaibisha mbele za watu. Alifunika mkebe taratibu, akausukuma pembeni, akasema, "Haya kamwagilie viazi." Wafugaji walikiri kwamba walimwogopa kuliko meneja.

Hapo kituoni ndipo alipokutana na dereva wa lori la maziwa. Walifunga ndoa tarehe 22 Juni 1974. Dereva mwenyewe, Mungu amrehemu, hakuchoka kueleza alivyomposa. Betri ya lori ilikuwa mbovu, kwa hiyo hakuthubutu kuzima injini, na mikebe ilikuwa imeshapakiwa.

"Sema ndiyo au hapana," alipiga kelele kutoka dirishani. "Maziwa yataganda!"

"Ndiyo," akajibu Dada Kuni. "Lakini zima hiyo injini, siposwi kwa makelele."

Akaizima. Wafanyakazi wote wa kituo walilisukuma lori hilo mpaka barabarani, na bibi harusi mtarajiwa alikuwa miongoni mwao. Ndoa yao ilijaliwa binti mmoja, aliyezaliwa mwaka 1976, ambaye leo ni mkunga. Waliishi bondeni karibu na kituo, na kila mwisho wa juma walipanda mlima kuwasaidia wazazi. Mama alifariki mwaka 1983. Baba alibaki na ng'ombe wake hadi alipofariki Novemba 2001.

Baada ya hapo nyumba ilifungwa. Fundi Saa alikuwa na kibanda chake mjini cha kutengeneza saa, na Kitinda alikuwa ameolewa mbali. Nyumba ya mawe ikikosa moto huanza kutoa jasho. Msimu wa mvua ulipokwisha, Dada Kuni alipanda kuiangalia, akakuta kuta zinachuruzika na mbao za darini zimeota ukungu. Aliwasha jiko, akaketi peke yake mpaka kuta zikaanza kupata joto. Alipoteremka alikuwa amekata shauri. Nyumba ilihitaji moto kila siku, na moto wa kila siku unahitaji watu.

Mwaka 2003 aliwaita wadogo zake jikoni mle.

"Nataka kuifungulia wageni," alisema.

"Wageni gani?" Fundi Saa aliuliza.

"Wowote. Watu wa mjini wanaotafuta hewa na utulivu."

"Yaani mtu asiyemjua mama aje alale kitanda cha mama?"

"Sasa nikipeleke wapi? Unajua hakipiti mlangoni."

"Basi kile chumba kifungwe."

"Kikifungwa kitaoza."

"Kioze na heshima yake."

"Jamani," Kitinda akaingilia, "chai inapoa."

Fundi Saa hakuinywa. Alivaa kofia yake, akasimama mlangoni, akasema siku mgeni wa kwanza atakapolala kitanda kile, yeye hatakanyaga tena hapo. Wanaomjua wanajua kwamba akisema hivyo, imetoka. Dada Kuni alimtazama akishuka kwenye njia ile ile aliyomshushia mgongoni. Alitaka mambo mawili tu: nyumba ipate joto, na mdogo wake awe ndani yake. Alilazimika kuanza na moja.

Wageni wa kwanza walifika mwaka 2004, Dada Kuni na mumewe wakiwa wamehamia mlimani na ng'ombe wao: mfamasia mmoja na mkewe fundi cherehani. Binti alikuwa amekuja kusaidia, akaandaa sinia na vitambaa vyeupe kama alivyoona hotelini. Asubuhi Dada Kuni alikuwa amewageuzia mgongo, anakoroga uji. Akasikia hatua nyuma yake, na kabla hajafikiri, maneno ya mama yake yakamtoka.

"Umefanya nini tangu uamke?"

Mfamasia alishtuka. "Nimepiga mswaki, mama."

"Na ndama wamekunywa maji?"

Mtoto wa watu akaona ndoo mlangoni, akaichukua, akatoka. Mkewe akamfuata na ndala za chumbani.

"Mama!" Binti alishika kichwa. "Hao ni wageni! Wamekuja kupumzika!"

Dada Kuni alitoka mbio na mwiko mkononi kwenda kuomba radhi. Alimkuta mfamasia amezama kwenye tope mpaka vifundoni, mkewe akimfundisha kwa sauti ya juu, "Usimwangalie machoni, mshike shingo!" Wote wawili walikuwa wakicheka mpaka machozi yanawatoka. Aliwaomba wamrudishie ndoo, wakakataa. Siku waliyoondoka walimwomba nafasi ya mwaka ufuatao, na wakawatuma ndugu, majirani na wateja. Kosa lile ndilo lililoijaza nyumba. Watu walitoka mbali kuja kuchambua maharagwe, na akina mama walileta watoto waliogoma kula mjini, wakashangaa kuwaona wakiomba mkate wa pili.

Jioni Dada Kuni aliwasimulia habari za nyumba. Aliwaeleza jinsi mama yake alivyompisha kitanda chake mtu yeyote aliyekwama kwa ukungu, daktari wa mifugo, wanunuzi wa ng'ombe, wapima ardhi, na yeye mwenyewe akatandika jikoni. "Alifurahi," alisema daima. "Mama alifurahi mgeni akija." Kwake hiyo ndiyo ilikuwa haki ya kuifungua nyumba.

Fundi Saa hakuja. Kwa miaka Dada Kuni alimpelekea salamu kupitia Kitinda. Mwambie paa limebadilishwa. Mwambie ng'ombe amezaa pacha. Mwambie ule ubao wenye tundu sikuutoa.

"Dada, mimi si posta," Kitinda alimjibu. "Na yule akisikia neno mlimani tu, anatia lenzi jichoni hata kama hana saa mkononi."

Mwaka 2012 mume wa Dada Kuni alifariki. Fundi Saa alifika mazikoni bondeni, akamshika dada yake mkono tangu mwanzo hadi mwisho. Watu walipoanza kupanda kwenda nyumbani, aliuachia ule mkono, akaenda kituo cha basi. Dada Kuni alisema baadaye kwamba siku ile alizika wawili.

Ilikuwa Oktoba 2014 mteja alipoingia kibandani kwa Fundi Saa na saa iliyojaa maji.

"Imeingiaje maji?" Fundi aliuliza.

"Ilitumbukia kwenye ndoo ya ndama," mteja akasema, huku akicheka. "Kuna nyumba moja mlimani, bwana. Ukilala kule hunywi chai mpaka ufanye kazi. Mwenye nyumba anasimama penye jiko na kijiko chake, anakuuliza, 'Umefanya nini tangu uamke?' Mimi nina miaka hamsini na kitu, naulizwa hivyo, nikajisikia nina mama tena."

Fundi Saa aliiweka saa mezani. Alikuwa hajayasikia maneno yale tangu mwaka ambao mama alifariki, na sasa yalikuwa mdomoni mwa mtu asiyemjua. Alimwambia mteja arudi juma lijalo. Siku ya pili alifunga kibanda na kupanda basi.

Alifika jioni, amelowa, kofia mkononi. Dada Kuni alikuwa akipanga sahani. Alimwona mlangoni, akajifuta mikono kwenye aproni, akajifuta tena.

"Umekula?" ndilo alilopata kusema.

"Nitakulaje," akajibu Fundi Saa, "na sijafanya kazi?"

Binti, aliyekuwepo, anasema hajui kama walicheka au walilia, lakini wageni waliinuka mezani wakawapisha.

Nyumba ilikuwa imejaa. Fundi Saa alilala darini pamoja na watoto wa wageni, na asubuhi kitoto kimoja cha kike kilimtikisa bega, kikamwambia, "Babu, amka, hapa hakuna mchezo." Akapewa shoka. Lilinasa kwenye gogo mara ya kwanza, na mwalimu mmoja mgeni akamwonyesha jinsi ya kulichomoa, bila kujua kwamba lile lilikuwa shoka la baba yake.

Wageni walipokwenda matembezini, ndugu wawili waliingia chumba cha mama. Kitanda kilikuwa kimetandikwa vizuri, na pembeni kulikuwa na begi la mtu.

"Najua hukupenda," Dada Kuni alianza. "Lakini mama mwenyewe alikuwa akikiacha. Wewe ulikuwa mdogo, hukumbuki. Alikuwa akilala jikoni."

"Nakumbuka," Fundi Saa akasema. "Nilikuwa nateremka kulala naye."

Dada Kuni akamgeukia.

"Nyinyi mkishalala darini, alikuwa ananiambia, 'Mwanangu, nibonyeze hapa.' Mgongoni. Sakafu ile ilimmaliza, dada. Aliuma ncha ya shuka ili mgeni asisikie."

"Mbona hukuniambia?"

"Alinikataza. Alisema wewe ukijua, utamfukuza mgeni usiku huo huo."

Dada Kuni aliketi ukingoni mwa kitanda. Alikuwa ameijua hadithi ya mama kwa upande wa darini tu. Aliyebeba mablanketi kuyapeleka jikoni alikuwa yeye, akiwa na fahari ya mtoto mkubwa, kisha akapanda kulala. Na mgongo ule ndio uliomtoa shuleni.

"Nilipokataa," Fundi Saa aliendelea, "sikuwa nakionea wivu kitanda. Niliogopa." Akatazama begi la mgeni. "Wewe unalala wapi siku hizi?"

Dada Kuni akatazama mlango wa jikoni. Nyuma ya jiko kulikuwa na godoro jembamba limekunjwa, na Fundi Saa alikuwa ameliona tangu jana yake.

Hawakugombana. Jioni ile mwenye begi aliombwa radhi na kuhamishiwa darini, na tangu siku hiyo hadi mwisho wa maisha yake, Dada Kuni alilala kitanda cha mama. Chumba kile hakikupewa mgeni tena. Kukakubaliwa jambo jingine pia: mwezi mmoja kila mwaka, baada ya viazi kuvunwa, wageni hawapokelewi. Mwezi huo wanalala watu wa nyumbani tu, na jiko halizimwi. Miaka yote iliyofuata Fundi Saa alikuwa wa kwanza kufika, na Kitinda aliacha upostamasta. Wageni waliporudi, Dada Kuni aliendelea kuwasimulia habari za mama yake, lakini hakusema tena kwamba alifurahi. Alisema, "Mama alimpisha kila mtu kitanda, na mgongo ulimuuma."

Mwaka 2022 alianza kuvimba miguu na kukosa pumzi akipanda ngazi. Binti yake alimpeleka hospitali, ikagundulika kwamba moyo wake umechoka. Alitibiwa vizuri na akapata nafuu, ila hakumtii daktari kwa yale yaliyohusu ng'ombe. Tunawashukuru madaktari na wauguzi kwa uvumilivu wao, kwa sababu kuna siku aliwauliza wagonjwa wenzake wodini wamefanya nini tangu waamke.

Mapema mwaka huu wa 2024 nguvu zilimwishia. Fundi Saa alifunga kibanda chake, akahamia mlimani. Yule aliyekula kiapo kwa sababu ya wageni ndiye aliyewapikia uji na kuwatandikia vitanda, na wengine walimdhania mtumishi mpya asiye na uzoefu sana. Siku moja, wageni wakiwa shambani, aliketi karibu na dada yake.

"Dada, nifunge nyumba?"

"Nani kakutuma ufunge? Jumamosi kuna familia inakuja. Wana mtoto mchanga, waweke karibu na jiko."

"Sawa."

Dada Kuni akapumzika kidogo ili apate pumzi. Kisha akamshika mkono.

"Na wewe," akamwambia, "usije ukalala sakafuni."

Alifariki tarehe 3 Mei 2024, alasiri, katika chumba alichozaliwa, binti yake na wadogo zake wawili wakiwa naye. Familia ile ilifika Jumamosi, ikapokelewa. Leo ipo hapa, baba akiwa amembeba mtoto.

Dada Kuni ameacha binti mmoja na mkwe, wajukuu wawili, mdogo wa kiume, mdogo wa kike, wapwa na mabinamu, wafanyakazi wenzake wa kituo cha maziwa, na watu wengi ambao hawana undugu wowote naye ila wamekuja wamevaa viatu vya matope. Nyumba itaendelea kupokea wageni chini ya Fundi Saa, naye amekwisha kuhamishia saa zake na kofia yake katika chumba cha mama.

Tunamrudisha kwa Mungu aliyetupatia. Sasa apumzike, jambo ambalo hapa duniani alilifanya kwa kuamriwa tu.